Nimeihamishia Shule Sebuleni, na Sasa Hakuna Anayesoma

Shangazi, shikamoo.

Siku zote nasoma majibu yako nikicheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu imenifikia. Nina watoto watatu. Wa kwanza wa kiume ana miaka tisa, wa pili wa kike ana sita, na kitindamimba ana mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza kajua kupanda juu ya kila kitu.

Huyu mkubwa ndiye chanzo cha yote. Alifika darasa la tatu hajui kusoma vizuri. Darasani walikuwa wengi, mwalimu hana macho ya kumtosha kila mmoja, naye ni mtoto mpole, hodari wa kukaa nyuma na kuangalia mdomo wa jirani yake ili aitikie wenzake wanapoitikia. Nilikuja kugundua siku moja nafua, simu ikalia ujumbe, nikamwomba anisomee. Akatazama kioo, akatazama uso wangu, akasema, "Mama, simu imezima." Haikuwa imezima. Nilikwenda shuleni mara tatu, kila mara naambiwa atakomaa tu. Wenzake nao walishampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Muhula ulipoisha nikawatoa wote wawili, yeye na mdogo wake aliyekuwa ndiyo anaanza, nikasema nitawasomesha mwenyewe nyumbani.

Shangazi, nilijipanga. Nilinunua ubao, chaki za rangi, madaftari na kengele ndogo ya mkononi. Nikaandika ratiba nikaibandika ukutani: saa mbili hisabati, saa tatu kusoma, saa nne mapumziko, saa nne na nusu sayansi, hivyo hivyo mpaka saa nane mchana, siku tano za wiki. Wiki ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Wiki ya pili mkubwa akaanza kuumwa tumbo kila ikikaribia saa mbili. Wiki ya tatu kitindamimba alitafuna chaki, wa kati akalia kwa sababu nilimfokea kaka yake, na kengele ikapotea. Najua kaificha mkubwa, ila hakubali. Sasa ni wiki ya tano na ukweli ni kwamba hatusomi. Mimi nafoka, wao wanalia, mchana najifungia bafuni nalia na mimi.

Nina kazi yangu ya ushonaji hapa hapa nyumbani, kwa hiyo hata saa zenyewe naziiba. Mume wangu hakukataa wala hakukubali, alisema "tutaona," na kila jioni anauliza "leo wamesoma nini?" kwa sauti ile unayoijua. Mama mkwe amesema wazi kwamba nawaharibu wajukuu zake, watakua hawajui kukaa na watu. Na mimi mwenyewe sikwenda mbali na shule, tena hisabati sikuipenda hata siku moja.

Naomba uniambie: nilikosea kuwatoa? Kama sikukosea, nianzie wapi, maana nilipoanzia nimeshaona siko? Nitajuaje kama wanaendelea na hakuna mitihani? Na mtu asiye mwalimu anaweza kweli?

Mama wa Watatu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Hiyo simu "iliyozima" imenikaa kichwani tangu niisome barua yako. Mtoto wa miaka tisa aliyepita darasa moja hadi jingine kwa kusoma midomo ya wenzake, akakutungia na uongo wa papo kwa papo huku anakutazama usoni, si mtoto mzito. Huyo alikuwa akifanya kazi kubwa kuliko darasa zima, ila kazi yenyewe ilikuwa ya kujificha. Kwa hiyo la kama ulikosea kuwatoa tuliweke kando. Uliona moshi, ukawatoa nje. Lililokuponza ni la pili: ulishawatoa watoto shuleni, kisha ukarudi ukaibeba na shule yenyewe ukaileta sebuleni.

Usione haya. Mimi nilisomesha wangu wawili nyumbani miaka minne, na mwezi wa kwanza niliwavalisha sare. Sare, mwanangu, ya kutoka chumbani kwenda mezani! Nikasimama mbele yao nikasema, "Habari za asubuhi, wanafunzi," wakanitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Hebu fikiri ubao ni wa nini. Ubao upo ili mtoto wa safu ya mwisho aone. Kengele ipo ili mamia ya watu wahame kwa pamoja. Ratiba ya saa sita ipo kwa sababu mwalimu mwenye watoto arobaini hana budi kuita majina, kutuliza kelele, kumngoja wa mwisho amalize kunakili, na kusahihisha madaftari arobaini. Ondoa hayo yote, uone muda unaobaki ambao mtoto mmoja anafundishwa yeye hasa. Ni kiduchu. Wewe unao wawili, magoti yao yanagusana na yako. Wa miaka tisa akipata saa mbili za namna hiyo, zikizidi sana mbili na nusu, ameshiba. Wa miaka sita saa moja inamtosha, tena iliyokatwakatwa. Kwa hiyo hata hizo saa unazoziiba kwenye cherehani hazitakuwa nyingi kama ulivyodhani.

Ila kabla hujagusa ratiba, kuna jambo hukulitaja hata kwa neno moja na limenitia wasiwasi: sheria. Nchi hazifanani kabisa hapa. Ujerumani mtoto lazima aende shule, na familia iliyobisha mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilishindwa mwaka 2019. Ufaransa zamani mzazi alitoa taarifa tu. Tangu 2022 anaomba kibali kwanza. Uingereza, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu kwa kwenda shule "au vinginevyo", na familia zinazosomesha nyumbani huko zimesimama juu ya neno hilo dogo. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini jimbo hili halikuulizi kitu na jirani yake linadai tathmini kila mwaka. Nenda ofisi ya elimu ya huko uliko na maswali matatu: inaruhusiwa? Najiandikisha wapi, au naomba kibali kwa nani? Na siku ya mtihani wa taifa mtoto ataufanyia wapi kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili unafungwa lini? Hilo la tatu wengi hulikumbuka mtoto akiwa kashachelewa. Majibu yapate kwa maandishi. Pita na shuleni walikotoka uchukue barua ya kuondoka na nakala za ripoti zao. Ukiambiwa hairuhusiwi, mtafutie shule nyingine, na haya mengine ninayoandika uyatumie jioni na siku za mapumziko; kusoma bado atahitaji kufundishwa.

Likishakaa sawa hilo, ifunge shule yako wiki mbili au tatu. Bandua ratiba ukutani wao wakiona. Tumbo la mtoto linauma kweli, usidhani anaigiza. Saa mbili asubuhi imekuwa na harufu ya woga na inabidi ipite mara kadhaa bila kitu kutokea. Kazi yako kipindi hicho ni moja tu: kila jioni wasomee hadithi ndefu kwa sauti, na uache mahali patamu. Hakuna maswali. Mkubwa akijilaza chini akitazama dari, mwache, anasikia.

John Holt, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha jarida la wazazi wanaosomesha nyumbani mwaka 1977, alieleza jambo ambalo utamwona mwanao ndani yake: mtoto mwenye woga hafikirii swali, anatafuta jibu la kumridhisha mwalimu. Ndiyo hiyo midomo ya jirani. Holt alikwenda mbali zaidi, akataka mtoto aachwe afuate anachokipenda mwenyewe. Hapo mimi huachana naye njiani. Mtoto ambaye kusoma kumemuumiza ukimwacha afuate anachokipenda, kusoma atakukimbia mpaka aote ndevu. Lakini kuhusu woga alisema kweli.

Katika wiki hizo hizo mpeleke apimwe macho na masikio. Wazazi wengi huruka hapa, kisha wanakuja kugundua mtoto alikuwa haoni ubao.

Sasa kusoma, ambako ndiko mzigo wote uliko. Kaeni wawili tu, dada yake hayupo karibu, mtoto mdogo amelala. Mpe maandishi mepesi, mepesi hata uone aibu kumpa, umwambie mnatafuta mawe yaliyo njiani. Asome kwa sauti. Wewe shika penseli na karatasi yako, usimsahihishe, andika tu neno alilojikwaa. Kiswahili kina huruma: tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo mtoto aliyezijua silabi anasoma karibu neno lolote, hata asilolijua maana. Anayekwama huwa anakwama mahali fulani hasa. Wangu wa pili alikuwa anasoma "barabara" na "kalamu" kama maji, akifika "nyang'anya" analiruka kama hakuliona. Kumbe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ng' yenye ritifaa, kile kialama cha juu, ni sauti yake na ng isiyo nacho ni nyingine. Kwake "ng'oa" na "ngoja" zilianza sawa. Tukakata vikaratasi, siku nne tunavipanga mafungu mawili sakafuni: huku ng'ombe, ng'ara, ng'oa, kule ngoma, ngazi, ngoja. Akikosea anakihamisha mwenyewe. Siku ya tano alisoma ukurasa mzima, akaninyanyulia macho kama aliyenikamata nikimficha kitu.

Wako huenda mawe yake ni mbw, nyw na shw: mbwa, kunywa, rushwa. Au huenda utakuta hata ba be bi bo bu hazijakaa. Ukikuta hivyo anzia hapo hapo, kwa utulivu, kwa herufi za kukata na kupanga badala ya daftari la darasa la kwanza, ambalo litamkumbusha lile jina la utani. Dakika kumi kila siku za silabi na maneno yanayomsumbua. Kisha dakika kumi za aya moja: kwanza unaisoma wewe, halafu mnaisoma pamoja kwa sauti moja, halafu yeye peke yake. Kesho aya ile ile, kisha mpya. Ukurasa ukiwa na maneno zaidi ya matano yanayomkwamisha, kitabu hicho bado hakijawa chake, kirudishe kabatini bila maneno. Mkienda hivyo miezi mitatu bila kuruka siku, na bado anageuza b kuwa d, na alichokijua jana leo hakipo, mtafutie mtaalamu wa matatizo ya kusoma. Ipo hali inayoitwa disleksia. Haina uhusiano na upungufu wa akili, na ina mbinu zake za kufundishia.

Usimfundishe kusoma chumba kimoja na dada yake. Hili nalisisitiza kuliko ratiba. Wa miaka sita anaweza kushika silabi kwa wiki chache, na siku atakayomtajia kaka yake neno lililomshinda, utakuwa umepoteza mwezi. Huyo mdogo mpe saa yake mbali. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua Roma mwaka 1907 shule yake ya kwanza, aliyoiita nyumba ya watoto, alikuwa na herufi za karatasi ya msasa ambazo mtoto anazipitisha kidole huku akitoa sauti yake. Kipande cha msasa na mkasi unavyo, au utavipata. Herufi mbili kwa siku, hesabu kidogo za vidole, hadithi, kisha akacheze. Hana deni lolote bado.

Mkirudi mezani, rudini na vitu viwili: kusoma na hisabati. Sayansi, historia na mengineyo yangoje mwezi. Saa chagua ile anayolala kitindamimba, iwe ya mkubwa. Usiifunge kwenye saa ya ukutani, ifunge kwenye jambo, mtoto akilala tunakaa. Akiamka mapema, siku hiyo imekwisha, wala usiilipe jioni. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, dakika 20 hivi hayazidi, kisha ubadili kabla akili haijachoka. Na badala ya kumuuliza mtoto maswali, alimsomea mara moja tu, akamtaka asimulie kwa maneno yake. Hilo la kusimulia lichukue lote. Msomee jinsi mvua inavyotengenezeka, funga kitabu, mwambie, "Nisimulie." Atatoa sentensi mbili na kunyamaza. Usimdokezee, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ya tatu itakuja. Hapo hakuna mdomo wa jirani wa kuangalia, na wewe umeshafundisha sayansi, umefundisha lugha, na mtihani umeshatoa.

Kuhusu hisabati, mshonaji haniambii haijui. Anayekata kitambaa cha mita mbili na nusu kikatoa mapande manne na cha kubaki, anagawanya kila siku bila kujiita mwanahisabati. Kilichokukimbiza ni namba za kukariri. Basi usimkaririshe. Mpe mkubwa 52 kutoa 27 uone. Nakuwekea dau atakuandikia 35. Ukimfokea atajaribu namba nyingine, kwa kubahatisha. Tazama alichofanya: upande wa kulia aliona 2 na 7, akaona 7 haitoki kwenye 2, akageuza, 7 kutoa 2 ni 5; kushoto 5 kutoa 2 ni 3. Ana kanuni yake, toa ndogo kwenye kubwa, na anaifuata kwa uaminifu. Mletee vijiti. Mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa uzi, na vijiti viwili pembeni: hiyo ndiyo 52. Mwambie akupe 27. Atakupa mafungu mawili upesi, halafu atakwama kwenye saba, mkononi ana viwili tu. Nyamaza. Usiseme "kopa." Atayatazama yale mafungu matatu yaliyobaki, atakutazama, atauliza, "Nifungue?" Afungue. Sasa ana kumi na viwili, anatoa saba, vinabaki vitano, na mafungu mawili hayajaguswa. Ishirini na tano. Akishafungua uzi mara kumi kwa mikono yake, ndipo umwonyeshe jinsi ya kuyaandika hayo kwenye karatasi. Watu wazima wengi waliokariri "nakopa moja jirani" hawajawahi kuuona huo uzi, na nadhani wewe ni mmoja wao. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka nilipofundisha.

Na hilo ndilo jibu langu la mtu asiye mwalimu. Unachohitaji ni kuwa hatua moja mbele na kuwa tayari kusema "hili silijui, tulitafute." Baadaye, atakapofika kwenye aljebra na kemia, utahitaji mtu wa kukusaidia, uanze kumtafuta mapema. Hayo ni ya miaka ijayo.

Kujua kama wanaendelea ni rahisi kuliko unavyohofia, kwa sharti uandike. Daftari moja kwa kila mtoto, mistari miwili kila siku: tulichofanya, alipokwama. Ukurasa mmoja wa mwandiko wake kila mwezi, wenye tarehe, unaingia kwenye faili. Na ile simu, mwanangu, ile ile "iliyozima", itumie: mrekodi akisoma dakika moja. Hifadhi. Rudia mwezi wa pili na wa tatu, kisha mkae pamoja msikilize ya kwanza na ya mwisho. Hakuna alama nyekundu ya mwalimu itakayomwambia alichojisikilizia mwenyewe. Faili hilo pia ndilo utakaloonyesha mkaguzi akija.

Kuna jambo moja la kumbukumbu linalowavunja moyo wazazi: mtoto anajua Jumanne, Ijumaa hajui. Si ukaidi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaona nyingi zinavuja siku ya kwanza kabisa, na akaona kurudia kwa kuachanisha siku kunashikisha kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Kwa hiyo kila mnapokaa, anza na maswali matatu mafupi: la jana, la wiki iliyopita, la mwezi uliopita. Dakika tano. Muhtasari wa masomo wa darasa lake nao utafute, uuangalie mara moja kila baada ya miezi mitatu kuona mmeacha nini. Ukiuangalia kila siku utairudisha ile kengele.

Baba watoto anauliza "wamesoma nini" kwa sababu hajaona kitu. Mwonyeshe daftari, msikilizishe rekodi. Kisha mkae mkubaliane tarehe: muhula mmoja kamili, siku fulani mnakaa na faili mezani mnaamua kuendelea au kuacha. "Tutaona" bila tarehe inakutafuna wewe peke yako. Na mpe somo moja liwe lake, lolote analolijua, hata kama ni nusu saa mwisho wa wiki.

Mama mkwe usibishane naye, mpe kazi. Mkubwa akishaweza aya moja, amsomee bibi yake kwa simu au uso kwa uso. Bibi hasahihishi, anasifu, na ndiye msikilizaji unayemtaka. Lakini kwa upande mmoja amesema kweli, usimpuuze: watoto watatu wa nyumba moja si jamii. Wanahitaji siku isiyobadilika kila wiki ya kuwa na watoto wengine, iwe mchezo, madrasa au shule ya Jumapili, kwaya, au familia nyingine inayosomesha nyumbani. Iwe siku inayojulikana, kwa sababu ile ya "tutakwenda wakipata nafasi" haifiki. Na mkubwa asipelekwe mahali pa kusomeshwa kwa sauti mbele ya wenzake mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari.

Sitakudanganya kwamba kusomesha nyumbani ni kwa kila nyumba. Mimi niliacha mwaka wa nne, si kwa kushindwa. Binti yangu aliniambia anataka darasa lenye wasichana wa rika lake, na alikuwa na haki. Ukifika muhula mmoja bado unalia bafuni, au cherehani limesimama na nyumba inayumba, au mtoto mwenyewe anaomba kurudi kwa moyo mmoja, mrudishe. Atarudi anajua kusoma, na hilo ndilo lililokutoa.

Ubao usiutupe, ulaze chini, kitindamimba achoree maji kwa brashi, chaki uzifiche. Kengele nayo usiitafute tena. Siku moja mkubwa ataitoa mwenyewe mafichoni, na ukiisikia inalia nje kwenye michezo yao, jifanye hujaisikia.

Shangazi